Besi ya Kitanda cha Bibi

Mwezi uliopita fundi alikuja kunirekebishia mlango wa jikoni, uliokuwa ukikwama kila mvua iliponyesha. Aliulaza juu ya mapipa mawili nyuma ya nyumba akaanza kuuranda. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu ya mvule ilipopenya dirishani, kavu na kali kidogo, kama pilipili manga iliyosahauliwa ndani ya droo, nilitoka nje na ungo wangu mkononi. Fundi alidhani nimekuja kulalamika. Nilimwambia aendelee tu, nikaketi kwenye kizingiti, nikawa naokota maranda yaliyojikunja na kuyanusa moja moja, mtu mzima mwenye watoto wanaoanza kumpita urefu. Aliponiuliza kama niko salama, nilicheka. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ile iliwahi kunifanya niamini kuwa mama yangu na kaka yake wanapanga kumkata baba kichwa?

Baba alikuwa askari polisi, koplo, na tuliishi kambini Jinja katika chumba kimoja na veranda aliyoizungushia mabati ili mama apate pa kuweka cherehani. Kambini tuliongea Kiswahili kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, kila mtu na kabila lake: baba Mteso, mama Mgisu, jirani wa kulia Mlugbara, wa kushoto Mwacholi. Nilikuwa na miaka minane, na nilidhani Kiswahili ndiyo lugha ya watu wote duniani wanaovaa buti.

Kazi ya baba ilikuwa kupuliza tuba katika bendi ya kambi. Tuba ile ilimzunguka kiunoni ikapanda juu ya bega na kumfungulia mdomo wake mkubwa juu ya kichwa, na jua lilipoipiga hukuweza kumtazama baba usoni. Wengine walipuliza tarumbeta, wakapiga ngoma, wakageuka kushoto na kulia, lakini mimi niliwaona kama watu waliokuja kumsindikiza. Sauti ya baba ilikuwa chini ya zote. Ilipita ardhini, ikapanda miguuni, ikaingia tumboni kabla haijafika masikioni. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba akitaka anaweza kuangusha ukuta.

Kisha siku moja mnyororo wa baiskeli yake ulikatika akiwa anateremka mlima. Alirudi nyumbani akiwa mzima wa mikono na miguu, lakini meno matatu ya mbele yalibaki barabarani. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi, tukashukuru Mungu, tukafikiri yameisha. Hatukujua kwamba midomo ya mpuliza tuba huegemea meno yake. Baba alipojaribu tena, upepo ulitoka pembeni, fyuu, kama tairi inayopoteza pumzi. Alijaribu wiki tatu. Wiki ya nne sajini wa bendi alimpa kijana mwingine tuba, na baba akapelekwa kulinda lango.

Hakulalamika. Alianza kula akiwa amegeukia ukuta. Alifunika mdomo kwa kiganja kila alipotaka kucheka, halafu hata kucheka kwenyewe kukaisha. Sikujua nyumba inaweza kuwa na kimya cha aina ile, cherehani inalia na redio inaimba na bado ni kimya.

Jumapili moja redio ilikuwa inapiga muziki wa dansi. Baba alikuwa mezani, uso kwenye ukuta kama kawaida, lakini vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinatembea juu ya meza. Mama alisimamisha cherehani, akamwuliza:

"Baba, unafanya nini na hiyo vidole?"

"Sikiliza," baba alisema. "Ile ya chini. Si ile inalia juu, ile ya chini kabisa. Unasikia?"

"Nasikia."

"Hiyo ni besi. Gitaa ya besi. Ile kitu ni kama tuba, ila hii watu hawapulizi. Ni vidole tu."

Mama aliutazama mkono wa baba mpaka wimbo ukaisha, kisha akaendelea kushona.

Wiki iliyofuata, baba akiwa amelala mchana baada ya zamu, nilimkuta mama amepiga magoti pembeni mwa mkeka akimpima kwa futi yake ya kushonea. Alimpima kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Akampima upana wa kifua. Akafungua kiganja chake polepole, kama mtu anayefungua barua isiyo yake, akapima kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Kila kipimo alikiandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Nilidhani anamshonea baba shati. Lakini shati halikushonwa, na shule zilipofungwa mama alikunja kile kitambaa akakitia kwenye mkoba, tukapanda gari kwenda Mbale.

Tulifikia Namatala kwa Mjomba Mafabi, kaka yake mama, aliyekuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, paa la mabati juu ya nguzo, na alitengeneza kila kitu: vitanda, milango, makochi, na majeneza, ambayo pale kila mtu aliyaita masanduku. Masanduku yalisimamishwa kando ya barabara ili wapita njia wayaone, madogo na makubwa, na usiku mmoja tu wa mvua ulitosha kuyafanya yote yanukie msitu. Bibi, mama yao, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kitanda chake cha mvule, cha zamani sana, chenye mbao nene kama mkono wangu, kilikuwa kimefunguliwa na kuegemezwa nyuma ya nyumba.

Sikuwa na mtu wa kucheza naye. Kigisu changu kilikuwa cha salamu tu, na nilipoongea Kiswahili watoto wa jirani walinyamaza na kurudi nyuma. Wazazi wao walikuwa bado wanakumbuka miaka ambayo aliyekuja mlangoni akiongea Kiswahili alikuja na bunduki. Kwa hiyo nilikaa chini ya meza ya kurandia, kwenye maranda, nikawa nasikiliza wakubwa.

Mjomba alijifunza useremala Kenya, na maneno yake yote ya kazi alibaki nayo kwa Kiswahili. Yeye na mama walizungumza Kigisu, Kigisu, Kigisu, mimi nimepotea kabisa, mara neno moja la Kiswahili linachomoza kama jiwe katikati ya mto. Siku ya kwanza nilisikia "kipimo cha bwana yako". Mama akatoa kitambaa chenye chaki. Mjomba akakitazama, akaenda nyuma, akarudi na ubao mpana kuliko wote wa kitanda cha bibi.

Siku ya pili nilisikia "mwili". Mjomba alikuwa anaugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwili umekauka vizuri sana," alisema.

Siku ya tatu: "Shingo bado inapinda kidogo. Nitaibana, itanyooka."

Siku ya nne, Ijumaa, mama aliuliza kitu kwa sauti ndogo, na Mjomba akajibu kwa Kiswahili kitupu, huku akipuliza vumbi kwenye msumeno: "Kichwa? Kichwa nitakata Jumatatu."

Nilibaki chini ya meza nimekumbatia magoti. Yote yalijipanga kichwani mwangu kwa utulivu wa ajabu, kama hesabu za darasani ambazo kwa kawaida hazikujipanga. Baba alipimwa akiwa usingizini. Baba hakutakiwa kujua. Mbao zilitoka kwenye kitanda cha marehemu, na mbele ya nyumba kulikuwa na masanduku. Sikujiuliza kwa nini mama amfanyie hivyo mume wake. Nilidhani ndivyo wakubwa wanavyofanya mtu akiharibika na kazi imemshinda. Nilichojua ni kwamba leo ni Ijumaa.

Niliandika barua kwenye karatasi niliyoichana katikati ya daftari. Naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ilisomwa mbele yangu mara nyingi sana baadaye, katika harusi, Krismasi, na mbele ya mwanamume aliyekuja kunichumbia.

*Baba usikuje Mbale. Mama alikupima ukilala. Mjomba natengeneza sanduku yako na kitanda ya bibi. Mwili iko tayari. Shingo inapinda. Kichwa watakata Jumatatu. Mimi niko mzima. Kaa huko huko.*

Jirani wa Mjomba alikuwa mama mmoja aliyeuza mukene, wale samaki wadogo waliokaushwa. Kila mwisho wa wiki alisafiri hadi Wanyange, ziwani, kuchukua mzigo mpya, na lango la kambi yetu lilikuwa njiani kwake. Hakujua kusoma, na kwangu hiyo ilikuwa bahati. Nilimwambia barua ni ya kumsalimu baba. Aliitia kifuani, akanipapasa shavu, akasema mimi ni mtoto mwenye adabu.

Jumamosi na Jumapili nilikaa nikiwatazama mama na Mjomba wakila, wakicheka, wakienda kanisani. Mama aliimba kwa sauti kuliko wote. Nilishangaa anapata wapi moyo.

Jumatatu asubuhi Mjomba alibana ubao mezani, akapaka msumeno mafuta. Mama alisimama karibu naye. Mimi nilijificha nyuma ya jeneza moja. Msumeno ulikuwa umeshagusa ubao niliposikia buti zinakimbia barabarani, na watu wanapisha njia, maana askari akikimbia Namatala hakuna anayesubiri kujua sababu. Baba aliingia karakanani na sare yake yote, kofia mkononi, jasho limelowesha mgongo. Alimtazama mama. Akamtazama Mjomba. Akautazama msumeno.

"Kichwa ya nani?" aliuliza.

Mjomba aliushusha msumeno polepole. "Shemeji! Karibu. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mimi ndiyo nauliza hivyo! Kichwa ya nani mnakata?"

"Ya gitaa," alisema mama.

Baba alitoa mfukoni karatasi yangu, iliyokuwa na madoa ya mafuta na kunuka mukene kutoka kona hadi kona. Alikuwa ameipokea Jumapili jioni langoni. Hakuamini habari ya sanduku, alisema baadaye, lakini mtoto hawezi kuandika barua kama ile kama nyumba iko salama, kwa hiyo aliomba ruhusa ya siku tatu akasimama barabarani tangu alfajiri kungoja gari. Sasa aliisoma kwa sauti ya paredi, neno baada ya neno. Alipofika "shingo inapinda" Mjomba alikuwa ameshaketi chini. Alipofika "kaa huko huko" mama alikuwa anafuta machozi kwa pindo la gomesi, gauni lake refu. Na baba akaanza. Ilianzia tumboni, chini kabisa, ikapanda, akafungua mdomo wote, pengo lote la meno matatu likaonekana, akacheka mpaka akashika nguzo ya paa.

Nilitoka nyuma ya jeneza nikilia. Sikujua kama nalia kwa furaha au kwa aibu. Baba aliniinua kwa mkono mmoja akaniweka juu ya meza, kando ya ubao.

"Sasa onyesha mimi," aliniambia. "Wapi mwili?"

Nilionyesha. Ulikuwa umechongwa kiuno tayari, wenye pembe mbili juu, laini kama sabuni iliyotumika.

"Na shingo?"

Mama ndiye aliyeichukua shingo kutoka kwenye vibanio akampa. Baba aliishika kwa mkono wa kushoto, mkono ukiwa umenyooka nusu, na kiganja chake kikaizunguka sawasawa, gumba likakaa mahali pake.

"Nani alipima?"

"Mimi," mama alisema. "Ulikuwa umelala."

"Ah," alisema baba, akaigeuza shingo kwenye mwanga.

Ndipo alipoiona mistari. Shingo ya besi hukatwa mifereji midogo ya kuingizia vyuma, na kila chuma ni noti yake. Mjomba, ambaye maishani mwake alikuwa amelikarabati gitaa moja tu, tena lililovunjika shingo, alikuwa ameichora mistari yake kwa rula, umbali sawa kutoka mmoja hadi mwingine, kama ngazi. Alikuwa anajivunia unyoofu wake. Alitaka kuikata mchana ule ule, baada ya kichwa.

"Shemeji," baba alisema kwa heshima, "hii ukikata hivi, besi italia kama mbuzi kwenye gari."

"Sasa ikatwe namna gani?"

"Sijui. Lakini masikio yangu inajua."

Sijawahi kuona siku iliyopita haraka kama ile. Walipigilia misumari miwili kwenye ubao mrefu, wakafunga kati yao waya wa breki ya baiskeli, wakaukaza mpaka ukaimba. Baba alivua buti na shati la kazi akapiga magoti mbele ya ubao na kijiti, akakipitisha chini ya waya, huku anaimba noti kwa sauti yake nzito, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa bendini. Kijiti kilipofika mahali ambapo waya na sauti yake vilikubaliana, aliinua kidole, na mama akaweka alama ya chaki. Alama zilianza kwa kuachana sana, kisha zikawa zinasogeleana kadiri zilivyoshuka kuelekea mwilini. Mjomba alizitazama kwa mashaka.

"Haiko sawasawa hata moja," alisema.

"Ndiyo iko sawasawa," alisema baba.

Mama alifanya jambo ambalo baba alilisimulia mpaka uzee wake. Alichukua futi yake, akapima waya wote, akaikunja katikati, akaweka kijiti pale pale. "Piga hapa," alisema. Baba akapiga. Ilikuwa noti ile ile ya mwanzo, ila imekuwa nyembamba na changa.

"Ni mtoto wake!" nilipiga kelele.

"Ndiyo," baba alisema. "Ni mtoto wake."

Tulikaa Mbale siku mbili zaidi. Vyuma vya shingo vilisubiri turudi Jinja, vikatoka kwenye spoki za baiskeli ile ile iliyomwangusha, kwa sababu baba alisema gurudumu lake lina deni kwake. Gundi ilichemshwa kwenye kopo na kunuka kwato. Mjomba alikata kichwa, na safari hii nilisimama mbele kabisa kuangalia.

Tuliporudi Jinja besi ilikuwa na mwili, shingo na kichwa, lakini haikuwa na sauti. Baba alitupeleka sote hadi Walukuba kwa Mzee Ramadhani, Mnubi aliyefunga upya mota za viwandani zilizoungua. Karakana yake ilijaa nyaya za shaba nyembamba kama nywele. Aliigeuza besi mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye kiuno chake.

"Mashaallah. Hii kazi ya nani?"

"Ya mke wangu na shemeji," baba alijibu.

"Basi na iliyobaki ni ya mke wako pia," alisema Mzee Ramadhani. Alituelezea taratibu: sumaku kutoka kwenye spika mbovu, na waya ule mwembamba uzungushwe juu yake mara elfu kadhaa, bila kukatika, bila kupandana ovyo. Mikono ya mtu haiwezi. "Lakini nyumbani kwako kuna mashine inayozungusha uzi, sivyo?"

Kwa hiyo sauti ya besi ya baba ilizungushwa kwenye cherehani ya mama, pale pa kujazia uzi. Mama alizungusha gurudumu kwa mkono, baba aliuongoza waya kati ya vidole viwili bila kupumua, na mimi nilihesabu. Kila mia moja niliweka haragwe kwenye kikombe. Kwenye haragwe la kumi na tisa waya ulikatika. Mama alisema neno la Kigisu ambalo mpaka leo hajakubali kunitafsiria, tukaanza upya. Mara ya pili nilihesabu huku nimefumba macho kwa woga, na ulipofika mwisho kikombe kilikuwa na maharagwe arobaini na mawili. Muhula uliofuata mwalimu wa hesabu alimwuliza mama ni nani aliyenifundisha. Mama alisema ni polisi.

Nyuzi zilikuwa waya za breki na za klachi ya pikipiki, ambazo Mzee Ramadhani alizivisha shaba ili ziwe nzito. Na siku alipouunganisha waya wa mwisho kwenye redio yake kubwa na baba akagusa uzi mnene, bisibisi zote mezani zilitetemeka. Mzee Ramadhani alizikusanya kwa mikono miwili kama mtu anayekusanya vifaranga.

Sajini wa bendi hakushangilia. Baba alipompelekea besi aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Koplo, hii ni bendi ya kupuliza. Waya sisi tunaanikia nguo."

"Ndiyo, Afande."

"Jumamosi kuna harusi Walukuba. Kijana wa tuba anaumwa. Utakaa nyuma. Usisumbue watu wangu."

"Ndiyo, Afande."

Baba alirudi nyumbani anatembea kama anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Jumamosi ile ukumbi ulijaa, watu wamesimama hadi madirishani. Mama alikuwa amewashonea wasimamizi wa bibi harusi magauni, akasimama mlangoni na pini kwenye kola, tayari kwa pindo litakaloachia. Mimi niliruhusiwa kukaa sakafuni karibu na baba, mwishoni kabisa mwa bendi, kando ya spika tuliyoazima kwa Mzee Ramadhani.

Sajini aliinua mkono. Tarumbeta zikaingia, ngoma zikaingia, baba akainamisha kichwa, na kabla kidole chake hakijaugusa uzi umeme ukakatika.

Bendi ya kupuliza haihitaji umeme. Iliendelea. Bibi harusi na bwana harusi walianza kuingia polepole, wanawake wakapiga vigelegele, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu nyuma aliyepotezewa sauti yake. Nilimtazama baba kwa hofu. Alikuwa anapiga. Macho kafumba, vidole vinatembea, hakuruka noti hata moja, wala haikutoka noti hata moja. Nilisogea, nikaegemeza kidevu changu kwenye pembe ya besi.

Ilikuwa yote mle ndani. Ilipita kwenye mti ikaingia kwenye taya langu, ikatikisa meno yangu, ikashuka kifuani. Ukumbi ule wenye mamia ya watu, mimi peke yangu ndiye niliyeisikia besi ya baba, na nilijua inakwenda wapi kabla tarumbeta hazijafika. Baba alifumbua jicho moja akaniona. Akanikonyeza, akaendelea.

Bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi umeme uliporudi.

Sijui nitaelezaje. Ardhi ilizungumza. Njiwa waliokuwa darini walitoka wote kwa pamoja. Mtoto mmoja alilia, mzee mmoja akainua fimbo yake juu, na bibi harusi, aliyeagizwa atembee taratibu akitazama chini, akainua uso na mabega yake yakaanza kucheza bila ruhusa yake. Tarumbeta ziligeuka kutazama nyuma huku zinapuliza. Sajini alisahau mkono wake hewani. Na kutoka mlangoni, pini zikimeta kwenye kola, mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheza mbele ya watu, alikuja katikati ya njia ya maharusi, akakunja magoti kidogo kama wanavyocheza wanawake wa kwao, na akacheza moja kwa moja mpaka mbele ya baba. Walilazimika kurudia wimbo ule mara tatu. Keki ilingoja.

Kesho yake, Jumapili, sajini alikuja nyumbani kwetu bila sare. Alikunywa chai. Aliomba kuiona besi tena, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akanusa mti wake, akapitisha mkono shingoni. Alikuwa anazunguka jambo na sote tuliona.

"Mama," alisema hatimaye, kwa mama wala si kwa baba, "mimi zamani, kabla ya polisi, nilikuwa napiga gitaa ile ndogo. Ya juu. Hii unaweza tengeneza ingine?"

Mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Inawezekana, Afande. Ila mti uwe wa zamani, umekauka. Mimi sina. Leta wewe."

Sajini alifikiri, akashukuru kwa chai, akaondoka. Jumatatu jioni tulisikia kelele uani. Askari wawili walikuwa wanakuja wamebeba meza ya kulia chakula, nzima, miguu minne juu, na nyuma yao mke wa sajini anafuata mbio na kitambaa cha meza mkononi, akiita majirani wote watoke waje washuhudie.